Ukuta wa Masijala

Damu ilikuwa imeshaoshwa. Inspekta Bupe Mwakalinga alisimama kwenye ujia mwembamba wa ghorofa ya pili, akatazama chini kwenye ua wa Mahakama ya Mikwajuni. Sakafu ya terazo ilikuwa inang'aa. Benchi moja la zege, kati ya yale yaliyojengewa sakafuni, lilikuwa limevunjika upande, na utepe wa polisi ulizungushwa kwenye miguu yake.

Pale ndipo Chausiku Pazi, mjane wa Keko, alipofia juzi asubuhi akisubiri kesi yake ya mirathi iitwe. Fremu nzito ya mbao za mninga iliyokuwa imetundikwa hapa juu kuzuia jua ilimwangukia. Jana, baada ya daktari kumaliza kazi yake, alizikwa.

Wakubwa walikuwa wameshapata jibu. Jengo bado jipya, fremu imeanguka, basi mwenye kulichora ajieleze. Bupe alikabidhiwa jalada asubuhi hii na kuambiwa alifunge haraka.

Mwenye kulichora alikuwa amesimama nyuma yake. Kokushubila Rugaimukamu, msanifu majengo, mama wa makamo mwenye nywele fupi zilizoanza mvi. Kwapani alibana ramani zilizokunjwa. Mkononi alishika begi dogo.

"Shikamoo, mama," alisema Bupe.

"Marahaba."

"Begi la nini?"

"Nguo. Niliambiwa huenda nisirudi nyumbani leo."

Bupe aliinama kwenye pengo lililoachwa na fremu. Bolti nne zilikuwa zimechomoza kutoka kwenye ukingo wa zege.

"Nieleze ilivyokuwa inashikiliwa."

"Bolti nne, kila moja na nati yake. Fremu inavishwa kwenye bolti kwa nje, nati zinafungwa kutokea humu ndani, ili fundi akitaka kuitoa kuifanyia usafi asihitaji jukwaa." Kokushubila alipiga magoti. Alipitisha kidole kwenye meno ya bolti ya kwanza, kisha ya pili. Alipofika ya nne aliinua kichwa. "Bolti ikizidiwa uzito hukatika au hupinda. Nati ikichomolewa kwa nguvu huchuna meno. Haya meno yote mazima. Hata grisi ipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nati zilifunguliwa kwa spana."

"Gaspar, chini mlipata nati?"

Konstebo Gaspar, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ujia, alitikisa kichwa. "Tulipekua kila kitu, afande. Vipande vya mbao tu. Na kiatu cha marehemu."

"Na huku juu?"

"Hakuna."

"Basi zilitoka na mtu mfukoni," alisema Bupe. "Nati zikishatoka, fremu inaanguka yenyewe?"

"Hapana. Inabaki imekaa kwenye bolti. Lazima isukumwe. Mguu mmoja unatosha."

Kutoka chumba namba mbili ilisikika sauti ya karani akiita majina ya watu.

Bupe aligeukia mlango wa chuma waliopitia. Ulikuwa mlango pekee wa ujia ule. Juzi polisi waliukuta na kufuli, na Fransis, msimamizi wa jengo, aliapa kwamba ufunguo haujatoka mfukoni mwake tangu masika. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye pampu ya maji na mafundi wawili kishindo kiliposikika. Ndiyo maana wote walisema ni ajali. Jengo lilikuwa na njia tatu zisizokutana: mahabusu wanapanda kutoka chini, mahakimu na watumishi wanapita nyuma, wananchi wanapita uani. Ujia huu haukuwa kwenye njia yoyote kati ya hizo.

Alichuchumaa akatazama sakafu kwa pembeni, mwanga ukimjia usoni. Njiwa walikuwa wamepafanya kwao. Vumbi na kinyesi vilitanda kama unga. Nyayo za buti zilitoka mlango wa chuma mpaka kwenye pengo. Hizo za polisi. Lakini kulikuwa na nyayo nyingine, za kiatu chenye soli laini, na hizo hazikwenda mlangoni kabisa. Zilitoka kwenye pengo zikaelekea upande wa pili, kwenye giza, zikaishia ukutani. Zilikwenda na kurudi, tena zaidi ya mara moja.

"Mama Kokushubila. Kule mwisho kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni ukuta."

"Mtu ametoka kwenye huo ukuta."

Mama yule alitembea mpaka mwisho wa ujia, akabisha kwa vidole. Ulilia kama debe. Haukuwa zege. Ulikuwa ubao uliopakwa rangi ya zege. Aliusukuma kwa bega na ukarudi nyuma kidogo. Ngazi nyembamba ilishuka gizani.

Alikunjua ramani sakafuni.

"Hapa palikuwa na mahakama ya zamani," alisema. "Chumba kimoja cha mawe, kilijengwa enzi za Mwingereza, kadhi alikuwa anakaa humo. Baada ya uhuru ikawa mahakama ya mwanzo, wakaongeza mabanda ya matofali na bati. Watu walikuwa wanangojea kesi zao nje, juani, wamekaa kwenye mtaro. Mimi nilipopewa kazi kitu cha kwanza nilichochora ni huu ua. Nilitaka mtu anayesubiri hukumu akae kivulini."

"Na kile chumba cha mawe?"

"Hatukukivunja. Ndimo yalimokuwa majalada yote, na kesi zilikuwa zinaendelea. Tukajenga jengo jipya kukizunguka. Ndiyo masijala mpaka leo. Mafundi waliweka ngazi ya muda ndani yake ya kupandia huku, kwa sababu njia ya mlango wa chuma ilikuwa haijajengwa. Niliagiza izibwe kwa matofali." Alitazama ule ubao. "Walinijibu imezibwa."

*

Masijala ilikuwa na ubaridi wa mawe. Kuta zake nene zilipakwa chokaa, na dirisha moja dogo lilitazama ua. Hapo ndipo wananchi walipohudumiwa. Mkuu wa masijala, mzee Leodegar, alivua miwani walipoingia.

Bupe alimwamkia, akapita moja kwa moja mpaka kwenye kabati la chuma la kona ya ndani, chini ya pale ngazi iliposhukia. Kwenye sakafu ya saruji palikuwa na mkwaruzo wa nusu duara, mpya, mweupe. Gaspar alishika kabati upande mmoja akalivuta. Lilizunguka bila kazi kubwa, lilikuwa tupu. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa mbao usiofika kimo cha mtu.

"Mzee, unaujua huu?"

"Nilijua ni stoo ya mafundi. Sijawahi kuufungua." Leodegar alikaa. "Kabati hilo lilikuwa na majalada ya zamani. Nani ameyatoa?"

"Juzi nani alifungua masijala?"

"Jabiri. Mimi nilikwenda hospitali kwanza na mke wangu, nikafika mambo yameshatokea."

"Jabiri yupi?"

"Karani wangu. Jabiri Suleiman." Mzee alimeza mate. "Mtoto wa marehemu huyohuyo. Yule kijana alikuwa amemweka mama yake moyoni, Inspekta. Nyumba nzima walibaki wawili."

Gaspar alimnong'oneza Bupe. "Afande, Mudathir naye alifika hapa juzi asubuhi. Walinzi wa getini walimwona dirishani. Shemeji wa marehemu, ndiye aliyekuwa anashindana naye kwenye mirathi. Na fremu zote za hapa zimetengenezwa kwenye karakana yake."

"Yeye ndiye aliyezitundika?" Bupe alimuuliza Kokushubila.

"Yeye na vijana wake."

"Wakipitia wapi?"

Msanifu aliuonyesha mlango wa mbao kwa kidevu.

*

Kando ya barabara ya Keko vitanda na makabati yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na lami, lakini karakana ya Mudathir ilikuwa imefungwa nusu. Ndani alikuwemo peke yake, kanzu imekunjwa mikono, akiranda ubao. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, ndevu zina vumbi la mbao.

"Una msiba, na unafanya kazi," alisema Bupe baada ya salamu.

"Wazee wamekosa meza ya kuwekea misahafu. Natengeneza." Aliweka randa chini. "Mmekuja kunikamata?"

"Kwa nini nikukamate?"

"Mtaa mzima unasema. Fremu yangu, kesi yangu, shemeji yangu."

"Mlikuwa mnagombea nini hasa?"

"Hiki kiwanja tulichosimama juu yake. Baba alituachia wawili, mie na marehemu kaka. Kaka akafa, shemeji akaandikisha mirathi, na karakana ikaingizwa kama ya kaka peke yake. Nikaenda kusema si hivyo. Basi."

"Juzi ulikwenda masijala."

"Nilikwenda dirishani kuuliza kesi iko chumba gani. Jabiri akanijibu chumba namba mbili. Hakuniangalia usoni."

"Uliingia ndani?"

"Sikuingia. Kuna nondo pale."

"Unaijua ngazi ya ndani?"

Mudathir alimtazama vizuri. "Ile ya mafundi? Si iliambiwa izibwe." Alifikiri kidogo. Mikono yake mikubwa ilishuka taratibu. "Kwani haikuzibwa?"

"Fremu ilipoanguka ulikuwa wapi?"

"Kwenye mlango wa chumba namba mbili, na wakili wangu. Nilikimbia nikaiinua. Mie ndiye niliyeiinua. Watu watatu hawakuiweza, nikaiinua peke yangu, na ilikuwa haina faida tena." Alifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Niliona matundu ya bolti yako mazima. Mbao haijapasuka. Nikajua kazi yangu haikukosea. Nikaona haya kufikiria hilo wakati amelala pale."

Nje, Gaspar alisema, "Anaweza kuwa amemtuma mtu."

"Aliyefungua nati ndiye aliyesukuma, na alijua Chausiku atakaa benchi lile," alisema Bupe. "Mabenchi yako mengi uani. Tutafute aliyekuwa naye."

*

Jina la Salma lilikuwa kwenye orodha ya mashahidi, na maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: aliona fremu imeshaanguka. Walimkuta Kurasini, nje ya geti la yadi ya makontena, akiwapakulia wali maharage madereva wa malori. Alikuwa msichana mwembamba, mtandio umefungwa kichwani kama kilemba. Aliwasogezea ndoo mbili wakae.

"Mie nilikwenda na ishu yangu ya talaka," alisema. "Yule mama nikamkuta benchi la mlangoni. Tukapiga stori. Ana miguu inavimba, akawa anainyoosha."

"Benchi la mlangoni. Si lile lililovunjika?"

"Hapana. Pale alikuja kuhamishiwa."

Gaspar aliacha kuandika.

"Alihamishwa na nani?"

"Kijana wa mahakama. Shati jeupe, kitambulisho shingoni. Akamwambia, mama, hapa jua litakukuta, njoo ukae kule ndani kidogo. Akambebea mkoba, akamshika mkono mpaka kule. Mie nikabaki, nilikuwa naangalia mlango, namvizia mume wangu asije akanipita."

"Polisi hukuwaambia."

"Waliniuliza niliona nini fremu ilipoanguka. Hili hawakuniuliza."

"Alimwita mama," alisema Bupe. "Labda ni mama yake."

"Aah, pale wote wanatuitaga mama."

"Na yeye alimwambia nini?"

Salma alifunika sufuria akikumbuka. Dereva mmoja aliita sahani yake, alimwashiria angoje.

"Alimuuliza, umekunywa chai? Kijana akasema bado. Mama akafungua mkoba, akatoa vitumbua kwenye gazeti, akampa. Akamwambia usikae na njaa mpaka mchana. Kijana akavichukua, akaondoka. Haikupita muda, ndo nikasikia kile kishindo."

Bupe alimtazama Gaspar. Gaspar alikuwa ameshafungua simu yake. Alikuwa amepiga picha ya watumishi iliyokuwa imebandikwa kwenye ukuta wa masijala. Alimpa Salma simu.

Salma aliweka kidole kwenye kijana wa mstari wa nyuma. "Huyu."

Walirudi kwenye gari. Gaspar alipekua jalada akasoma kwa sauti maelezo aliyoyachukua yeye mwenyewe siku ya tukio. Jabiri Suleiman alisema hakumwona mama yake asubuhi ile. Kila mtu alitoka nyumbani kivyake. Alikuwa masijala aliposikia kishindo.

"Nilimwonea huruma," alisema Gaspar. "Alikuwa anatapika."

"Washa gari."

*

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanaume wamekaa kwenye mikeka, sauti za wanawake zikitoka ndani. Bupe alijitanda khanga kichwani kabla ya kushuka. Jabiri alikuwa amekaa katikati ya wazee, mdogo kwa umri kuliko wote, kanzu yake bado ina udongo mwekundu kwenye upindo. Jana ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama yake.

Mudathir aliwaona kwanza. Aliinuka, akaja.

"Naomba kuzungumza na Jabiri pembeni," alisema Bupe. "Sitaki fujo kwenye msiba."

Mudathir alisita, kisha akamwendea kijana, akamgusa bega. Wakaingia chumba cha uani kilichokuwa cha marehemu Suleiman, mume wa Chausiku. Kitanda, saa ya ukutani, kofia ya vito, ya kushonwa kwa mkono, kwenye msumari. Gaspar alisimama mlangoni. Mudathir alibaki nje ya mlango, na hakuna aliyemfukuza.

"Pole sana," alisema Bupe.

"Ahsante."

"Ulisema hukumwona mama asubuhi ile."

"Ndiyo."

"Vile vitumbua ulivila?"

Jabiri alikaa kitandani, taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae.

"Sikuvila," alisema. "Viko kwenye droo yangu."

"Na nati?"

"Nilizitupa kwenye karo la maji machafu la kazini."

"Nieleze."

Alizungumza akitazama sakafu. Kwenye kikao kilichopita wakili wa upande wa pili alimtisha mama yake koridoni. Alimwambia kesi inayofuata atamuuliza, akiwa ameshika msahafu, kama kijana wake ni mtoto wa Suleiman. Usiku wa kuamkia kesi, mama alimwita Jabiri chumbani, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Alipoolewa na Suleiman alikuwa tayari na mtoto mchanga mgongoni. Baba halisi alibaki Lindi, hakuwahi kuuliza habari zao. Suleiman alimpokea mtoto, akampa jina, akahamia naye Keko ambako hakuna aliyejua.

"Nikamwambia aseme mimi ni wa Suleiman," alisema Jabiri. "Ni neno moja tu. Akasema, mwanangu, siwezi kushika msahafu nikasema uongo. Nilimpigia magoti. Akalia, lakini akasema hawezi."

"Ungekosa nyumba."

"Nyumba wangechukua tu." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye ninayeandika majina mahakamani. Najua likishasemwa pale ndani linakuwa ndilo. Ningetoka pale mie si mtoto wa mtu."

"Ngazi uliijua tangu lini?"

"Tangu jengo lilipofunguliwa. Nilikuwaga napanda kupumzika. Niliwahi kuwaona mafundi wakitoa fremu ile kuisafisha."

"Ulipomkalisha pale, hukutaka kurudi nyuma?"

Nje mtu alianza kusoma Yasini, wengine wakamfuata.

"Nilisimama juu nikamwona anasugua miguu yake," alisema Jabiri. "Nikasema akihama hapo nitaacha. Hakuhama, kwa sababu mie ndiye niliyemwambia akae."

Gaspar alitoa pingu. Bupe alimkataza kwa mkono. Walimpitisha mlango wa nyuma, kwenye uchochoro, na wasomaji hawakukatisha kisomo.

*

Kituoni, alikoambiwa akasubiri, Kokushubila alikuwa bado amekaa kwenye benchi la mapokezi na begi lake mapajani. Bupe alimwambia anaweza kwenda. Alimshukuru kwa sauti ndogo, akamtazama Jabiri akipitishwa, na hakuinuka.

Baadaye kidogo Mudathir aliingia. Alikuwa ametembea kwa miguu, viatu vyake vimejaa vumbi. Alisimama mbele ya kaunta, akamgeukia Bupe badala ya kijana.

"Nimesikia yote pale mlangoni. Nataka uandike na langu," alisema. "Lile swali lisingeulizwa. Asubuhi ileile, kabla ya kesi, nilimwambia wakili alitoe, la sivyo nachukua wakili mwingine. Kaka alinieleza habari ya mtoto huyu wakati anakata roho. Akanikabidhi. Mie nilikuwa nadai kiwanja tu."

Jabiri alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo. Alijishikiza ukutani, Gaspar akamshika kwapa na kumkalisha. Hakulia. Alitoa sauti fupi kifuani.

Polisi wa kaunta hakuwa na habari na lolote. Alivuta karatasi akaanza kujaza. Jina. Umri. Kazi. Makazi.

"Ndugu wa karibu wa kuarifiwa?"

Jabiri aliinamisha kichwa.

"Kijana, nakuuliza. Ndugu."

Polisi aligongagonga kalamu mezani, akamtazama Inspekta, naye Bupe akatazama pembeni. Mudathir alikuwa ameshafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo. Alisimama hapo muda mrefu, mgongo umewaelekea.

"Andika Mudathir Pongwe, wa Keko," alisema bila kugeuka. "Uhusiano, andika baba mdogo."